Mwizi wa Kengele Amelala

Kuna watu wakichoka hulala. Huyu akichoka alichora. Kutwa nzima alikuwa amekaa ofisi ya ardhi akichora viwanja vya watu wanaogombania hatua moja ya udongo, na akirudi nyumbani alivua viatu, akasukuma sahani pembeni, akaanza kuchora nchi ambazo hazipo. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya visiwa. Aliviweka mbali kusini, visiwa vinavyoelea na kuhama kwa misimu, kila kimoja na mfalme wake na ugomvi wake wa mirathi. Alipofika kisiwa cha mwisho aliweka kalamu chini, akasugua macho, akasema peke yake, "Hawatakwenda."

Alisema kweli. Hawakuwa wakienda popote, na hilo ndilo lililomchosha kuliko ofisi.

Msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe asijione mshamba. Hata jirani wa huyu bwana, aliyekuwa akiona watu walewale wanaingia kila Jumamosi alasiri na makaratasi, alidhani ni kamati ya harusi, akabaki anajiuliza bwana harusi gani huyu asiyeoa. Mchezo ni hivi. Mmoja anabuni dunia nzima, milima na sheria na harufu za masoko, naye huitwa Mwenye Meza. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya dunia hiyo. Mwenye Meza anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, mnafanyaje?" Wao wanasema wanavyofanya, na pakiwa na mashaka wanarusha dadu, dadu inaamua. Hakuna anayeshinda. Chai inapoa, na watu wazima wenye mvi wanatoana jasho kwa ajili ya daraja ambalo halipo. Sheria kubwa ya meza yao ilikuwa moja: lililosemwa mezani limekuwa. Ukishatamka, hakuna cha "nilikuwa natania."

Walikuwa wamebaki watatu. Mwenye Meza ndiye huyo mchora ramani. Wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa mafriji, pande la mtu ambaye ndani ya mchezo alikuwa jitu, tena jitu lenye kuogopa giza. Wa tatu alikuwa Muuguzi, rafiki wa mkewe wa kazini. Huyu wodini aliokoa watu na mezani alikuwa muuaji wa kukodiwa, hodari wa sumu na visu. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu, "Huku natibu, kule naua, mizani inakaa sawa."

Na mkewe? Mkewe alikuwa mkuu wa dobi hospitalini, mwanamke wa vicheko vya ghafla, na mtu wake ndani ya mchezo aliitwa Mwizi wa Kengele. Aliiba kengele tu. Angeingia mji wenye hazina za kutosha kununua mji mwingine, akazipita hazina zote, akapanda mnarani na kuichukua kengele. Kesho yake aliirudisha, apate kuona watu wanavyoshangaa.

Yeye ndiye aliyeleta sheria ya usingizi. Wakati mmoja alikosa kikao kwa sababu ya zamu, na mdogo wake, bila haya, akamtumia Mwizi wa Kengele kuonja kinywaji cha mfalme mmoja wasiyemwamini. Juma lililofuata mwenyewe alirudi akakuta mtu wake hana unywele hata mmoja kichwani. Alimchamba mdogo wake mpaka mdogo wake akatafuta pa kujificha, kisha akasimama akatamka: "Kuanzia leo, asiyekuwepo, mtu wake amelala. Amelala nyumba ya wageni, mlango umefungwa, na hakuna wa kumgusa wala kumwamsha ila mwenyewe." Wote wakakubali. Limesemwa, limekuwa.

Mara ya mwisho alipokosa kikao alisema ni mgongo tu. Wasafiri wakati huo walikuwa Mji wa Chumvi, kimji cha pembeni ambacho Mwenye Meza alikuwa amekiweka wapumzike siku moja na kupita. Wakamlaza Mwizi wa Kengele ghorofani, chumba cha mwisho, wakaendelea na habari zao. Mgongo ukawa si mgongo. Ugonjwa ulikuja na haraka zake, ukafanya ulichokuja kufanya, wakazika. Baadaye, kwa kuwa hakuna aliyejua Jumamosi afanye nini, walirudi mezani. Wa kugusia chumba cha ghorofani hakuwepo.

Basi safari ikakwama palepale, mwaka wa kwanza na wa pili. Waliezeka upya paa la nyumba ya wageni. Jitu likachaguliwa kuwa msimamizi wa foleni ya maji. Muuaji akaanza kufuga kuku. Mwenye Meza aliwachorea Mlima wa Kioo wapate kutamani, hawakutamani. Akawachorea msitu unaomwita kila apitaye kwa jina la bibi yake. "Nzuri, shemeji, nzuri mno," fundi alisema. "Tutakwenda. Ila heri kenda nishike kuliko kumi nenda uje. Leo kwanza tumalize banda la kuku."

Mwenye Meza alijua sababu, naye si mtoto. Wasafiri hawamwachi mwenzao amelala nyuma. Wasingeondoka bila kupita kwenye mlango ule, na mlango ule wa kuufungua alikuwa yeye, naye hakuthubutu. Alichoka kujenga dunia ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kukizunguka chumba kimoja. Kadiri alivyochora mbali ndivyo chumba kilivyozidi kuwa katikati. Akaapa: wakivikataa na hivi visiwa, anaikunja meza, basi.

Juma hilohilo binti yake wa pekee alirudi kutoka ng'ambo kwa likizo. Alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu kabla ya msiba. Mama yake alipofariki, karatasi za binti za ukaazi huko zilikuwa bado zinashughulikiwa, na angetoka huenda asingeruhusiwa kuingia tena. Baba yake alimwambia kwenye simu, "Usije. Mama yako alitaka umalize masomo." Akatii. Sasa alikuwa amerudi na masanduku mawili na adabu nyingi, na adabu za mtoto kwa mzazi wake zikizidi kiasi ujue kuna neno limekaa chini yake. Asubuhi walisalimiana, jioni wakasalimiana, katikati wakapishana koridoni kama wapangaji.

Alimkuta baba yake amekiinamia kisiwa cha mwisho.

"Bado mnacheza?"

"Tunacheza."

Binti aliitazama ramani. "Mama yuko wapi humo?"

"Amelala," baba akajibu, kwa wepesi wa mtu aliyezoea jibu lake.

"Amelala?"

"Ndiyo utaratibu wetu. Asiyekuwepo, amelala."

Binti akaondoka, akafika mlangoni akageuka. "Jumamosi nitakaa nanyi, Baba."

Jumamosi ikafika. Chai ipo, mkate upo, feni inazunguka na kulalamika. Mwenye Meza hakungoja hata sukari ikorogwe.

"Kabla hatujaanza, nina neno," alisema. "Nimechoka. Nimewachorea mlima, nimewachorea msitu, sasa nimewachorea visiwa. Leo tukiondoka Mji wa Chumvi, tumeondoka. Tusipoondoka naikunja hii meza, kila mtu abaki na Jumamosi yake."

Fundi alikuwa na mkate mdomoni, akausahau humo. Muuguzi aliweka kikombe chini polepole.

"Nabaki nayo wapi?" Muuguzi akauliza. "Kwangu hata redio imeninunia."

"Sasa mnataka nifanye nini? Dunia naibeba peke yangu. Ninyi mnafuga kuku."

Na kuku kweli walikuwa wanawafuga.

Binti alivuta kigoda akajibana kati ya mjomba wake na Muuguzi. "Mimi naingiaje?"

"Rahisi tu, mjomba," fundi alisema, amefurahi mazungumzo kubadilika. "Sema umetoka wapi na unafanya nini. Ukikwama nitakushika mkono."

"Nimetoka mbali," binti alisema. Hakumtazama mtu. "Miguu imevimba. Ni jioni. Naingia Mji wa Chumvi naulizia nyumba ya wageni."

Mwenye Meza alikuwa na falme nyingi kuliko vijiko vya jikoni kwake, lakini mji huu alikuwa ameupa nyumba ya wageni moja tu. Akaingia katika sauti ya mwenye nyumba, mzee wa mafua yasiyopona. "Karibu, mgeni, karibu. Tatizo vyumba vimejaa."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Woga una mdomo wake.

"Vimejaa?" Fundi alikunja uso. "Shemeji, si humo tuko sisi watatu tu?" Kisha akasikia alivyohesabu, akainamia kikombe chake.

"Kuna wachuuzi wa chumvi. Wameingia mchana."

"Haya, limesemwa," Muuguzi akasema. "Vimejaa."

"Kwa hiyo nalala nje?" binti aliuliza.

"Nje wapi?" Fundi, ambaye hakuweza kuvumilia mpwa wake alale nje hata katika nchi ya kubuni, alipiga meza kwa kiganja. "Mji huu una sheria! Kitanda kikiwa na nafasi ya ubavu mmoja, mgeni hakataliwi. Mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume. Jitu langu linaitumia kila siku, maana haliwezi kulala peke yake. Ulituwekea wewe mwenyewe, shemeji, hapahapa."

Ni kweli, aliiweka. Katika majuma yale ya kwanza baada ya maziko, usingizi ulipomkimbia, aliandika sheria za Mji wa Chumvi moja baada ya nyingine: sheria ya vipimo vya chumvi, sheria ya mbwa, sheria ya kukohoa mbele ya hakimu. Na hii ya ubavu mmoja akaisoma mezani kwa fahari, akapongezwa. Mjenzi mwenye akili hujenga nyumba akaacha mahali pa kutokea. Yeye kwa upweke wake alikuwa ameziba kila tundu.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe!" fundi akacheka. Halafu kicheko kikamfia kinywani, kwa kuwa naye sasa aliona njia hiyo inaelekea wapi.

"Utalala na muuaji, basi," Mwenye Meza alisema haraka, akamgeukia Muuguzi. "Kitanda chako kina nafasi."

Muuguzi alimtazama binti wa rafiki yake. Alimjua tangu anatambaa. Akachukua kikombe, akanywa funda moja, akakirudisha.

"Mimi nalala na visu," alisema. "Vimejaa kitandani, ubavu haupiti. Limesemwa."

Feni ikazunguka. Hapakubaki kitanda kingine.

"Nipelekeni juu," binti akasema.

Mwenye Meza akampandisha ngazi. Wenzake walisema baadaye kwamba hajawahi kuzieleza ngazi vile. Kila kipago kilipata mlio wake, taa ikapata moshi wake, ukuta ukapata alama za chumvi, kisha ikaja picha ya mkwe wa mwenye nyumba, kisha korido, kisha korido tena.

"Shemeji," fundi akamkatiza taratibu, "jengo hili nimeliezeka mimi. Korido haina urefu huo."

Walikuwa wamefika.

"Nafungua mlango," binti alisema. "Naona nini?"

Huyu ni mtu aliyejua ndevu za kila mfalme wa kila kisiwa. Alijua mto upi hukauka mwezi gani, na kwa nini watu wa msituni hawali mayai. Sasa aliulizwa chumba kimoja chenye kitanda kimoja, ulimi ukawa mzito. Kwa muda wote ule alikuwa ameuona mlango kwa nje tu. Ndani hakuwahi kuangalia, hata kwa mawazo.

Muuguzi alimwonea huruma. Aliinama mbele, akasema kwa ile sauti ya karibu wanayotumia wao kitandani kwa wagonjwa. "Kitanda kimetandikwa. Si ndiyo, Mwenye Meza? Shuka limenyooshwa vile alivyokuwa akinyoosha yeye, kona zimekunjwa zikakunjika. Dirisha liko wazi. Ameamka alfajiri akaondoka zake, hakutaka kutusumbua. Ametangulia. Saa hizi yuko kwenye visiwa vyako anawaibia wafalme kengele. Sema hivyo. Nani atatuhukumu?"

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kupita chochote alichokibuni yeye. Alimwona kabisa mkewe juu ya mnara wa kisiwa kinachoelea, ameikumbatia kengele kubwa kuliko kifua chake, anacheka. Wangeondoka leo hii. Wangefunga mizigo wamfuate, na kila kisiwa wangekuta kengele haipo, na meza isingekunjwa maisha yao yote. Alifungua mdomo alitamke.

Akamtazama binti yake. Binti hakuwa analia. Alikuwa ameweka mikono mezani, anangoja, na uso wake ulikuwa uso wa watu aliowaona kila siku kwenye dirisha la ofisi yake, wale walioambiwa njoo kesho mara nyingi mpaka wameacha kukasirika.

"Amekufa," akasema.

Neno hilo alikuwa hajawahi kulitamka. Daktari alisema tumempoteza. Ndugu walisema ametutoka. Waombolezaji walisema ametangulia, amepumzika, ameitwa. Yeye mwenyewe, akiwa amesimama nje ya wodi na simu sikioni, alimwambia mwanawe, "Mama yako hayupo tena," na mtoto kule mbali akauliza, "Hayupo, ameenda wapi?" Yeye akakata simu akasingizia mtandao.

"Amekufa," alirudia. "Amelala ubavu, ameuelekea ukuta. Hajaondoka. Amekufa siku nyingi. Sisi tulikuwa tunaezeka paa juu yake."

Fundi alijifunika uso kwa mikono yake mikubwa, mabega yakaanza kumtikisika. Muuguzi alimshika mgongoni. Yeye alikuwa ameona wengi wakifa na hakuzoea, hakuna anayezoea, ila alijua mahali pa kuweka mkono.

"Asante, Baba," binti alisema. Kisha akasema, "Tumzike."

"Mwanangu, mama yako si tulikwisha..."

"Mlimzika ninyi." Ile adabu ya wiki nzima ikaanguka chini. "Mimi mlinishikia simu. Mtu aliyeishika alikuwa amesimama nyuma ya watu. Nikaona migongo, nikaona migongo, halafu mtandao ukakwama, picha ikaganda kwenye kisigino cha mtu. Kisigino, Baba. Nimekaa nakitazama kile kisigino, ninyi huku mnatupa udongo, mimi sijui kama mmeanza au mmemaliza. Mpaka leo nikisema nimemzika mama yangu naona kisigino cha mtu nisiyemjua."

"Nilikukataza kwa sababu..."

"Sababu naijua. Tena ni nzuri. Lakini sikuwepo."

Angeweza kujitetea. Alikuwa na hoja zake, na karatasi zenyewe zilikuja kutoka, na masomo yakaisha kama mama alivyotaka. Lakini alikuwa amechoka, na katika uchovu kuna wakati mtu anakosa hata nguvu za kuwa na haki. "Hukuwepo," alikubali. "Pole, mwanangu."

Wakamzika. Muuguzi alimwosha, na alipotaja maji na kitambaa alitaja kwa mpangilio, bila kuruka hatua. Jitu likambeba kumshusha ngazi, na ngazi safari hii hazikuwa ndefu. Binti akachagua mahali, nje ya mji, upande unakoonekana mnara wa soko.

"Udongo wa pale ukoje?" akauliza.

"Juu ni chumvi," Mwenye Meza alisema. "Chini ni mawe."

"Shemeji, jamani," fundi alisema huku anapangusa macho. "Weka hata mchanga kidogo. Dunia si yako?"

"Ndivyo ulivyo. Siwezi kuusemea uongo." Kwa mambo ya ardhi hakuwa mtu wa kupinda. "Mwenye nyumba atawaazima majembe na sururu. Mtachimba."

Wakarusha dadu. Binti akarusha, ikatoka ndogo, chumvi ikavunjika kwa juu tu. Muuguzi akarusha, wakafika kwenye jiwe. Fundi akarusha kwa nguvu zote, dadu ikakimbia mpaka karibu na mkate, ikatulia kwenye moja.

"Jitu zima!" Muuguzi akasema.

"Linalia, mama, linachimbaje huku linalia?"

Wakacheka, na kucheka kukawaumiza zaidi kuliko kulia, wakaendelea. Kila aliyerusha alingoja, na Mwenye Meza akasema udongo umefanya nini. Kifundoni. Bado kifundoni. Gotini. Jua la huko likahama. Jua la huku nalo likahama, likatoka kwenye kitambaa cha meza likapanda ukutani, chai ikaganda utando na hakuna aliyeigusa. Jembe la Muuguzi likavunjika mpini, limesemwa, likawa limevunjika, akaendelea kwa mikono.

"Nimechoka," binti alisema, na hakuna aliyeuliza kama anasemea yule mgeni wa miguu iliyovimba au anajisemea mwenyewe.

"Bado kiunoni," baba yake akamwambia.

"Nitachimba."

Akarusha tena. Mwenye Meza aliitazama dadu, akafungua mdomo aseme udongo umefanya nini, akakuta hawezi kusema. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ndiye mvua ya dunia ile, ndiye mwenye nyumba ya wageni, ndiye mbwa anayebweka na mfalme anayekufa. Alikuwa kila mtu, na kwa hiyo hakuwa mtu. Wenzake waliingia humo wakaogopa, wakajeruhiwa, wakafuga kuku. Yeye alikaa upande wake wa meza akiwaambia mawe yako wapi. Mikono yake ilikuwa imepumzika juu ya ramani, misafi, na mwanawe alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni.

"Kuna jembe jingine?" akauliza.

Fundi aliinua uso. "Shemeji, wewe huna mtu humu."

"Najua."

Wakatazamana. Binti alimgeukia baba yake kama unavyomgeukia mtu aliyefika msibani na hujui ni wa upande gani.

"Wewe ni nani?" akamuuliza.

"Mume wake," alisema.

Binti akasogeza kigoda chake, fundi akasogeza kiti, pakapatikana nafasi. Mwenye Meza akainuka, akazunguka akaja kukaa upande wao, na binti yake akamwekea dadu mkononi.